Kuku Mwekundu Ambaye Hakuwa Wetu

Kwa Yohana na Rebeka, na kwa yeyote atakayeshika koleo baada yenu.

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika sururu mara nyingi kuliko kalamu. Herufi zangu zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno mengine nimeyaandika kama yanavyosikika. Mkikuta kosa, rekebisheni kimoyomoyo mwendelee. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza niliuanza ng'ombe wakitoka kwenda malishoni na nikaumaliza wakati wanarudi kunywa maji.

Rebeka anajua sehemu kubwa ya mambo haya. Yohana hajui kitu, maana ameingia kazini wakati mimi natoka. Kwa hiyo naandika kama kwa Yohana, na Rebeka asome pembeni bila kucheka.

Rebeka aliniambia mtu wa miaka ishirini na tano hastaafu. Lakini daktari hakuniuliza umri. Aliniwekea chombo chake mgongoni, akasikiliza, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema kuku. Akasema vumbi la kuku na kifua changu haviwezi kuishi nyumba moja. Basi nimestaafu, baada ya miaka saba. Nilipewa jogoo wa kuagwa, ambaye daktari asingemkubali, na sasa anaishi kwa mjomba wangu hapa Dirma na kuwaamsha watu ambao hawakumwomba.

Mambo ya vyeo sitaandika. Shambani cheo kilikuwa kimoja tu, na alikuwa nacho Mama Safari.

Yohana, unamwona leo Mama Safari anatembea na fimbo na kukaa mlangoni na chai yake, unaweza kudhani ndivyo alivyokuwa siku zote. Mimi nilipomkuta alikuwa anachimba mashimo ya nguzo mwenyewe. Shamba ni lile lile, mwendo wa saa moja kwa miguu kupanda kutoka stendi ya Haydom, mahali ambapo kuanzia mwezi wa sita ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na upepo haukai kabisa. Mumewe alikuwa ameshafariki. Mayai aliwauzia watu wanaokuja na mabasi kuuguza ndugu zao hospitalini, wale wanaojipikia wenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa namuuguza mama yangu.

Jambo moja lazima ulijue ndipo uelewe yatakayofuata. Kabla sijafika, ugonjwa wa kideri ulipita pale mlimani ukamaliza kuku wake wote ndani ya wiki moja. Alibaki kuku mmoja tu, jike mwenye kishungi cha manyoya kichwani, aina tunayoiita kibwenzi. Aliponea kwa sababu alikuwa ameatamia mayai kichakani, mbali na wenzake. Mama Safari alianza upya na huyo mmoja. Kila kuku niliyemkuta pale alikuwa mtoto wake, au mjukuu, au kitukuu. Mama alimwita Bibi, na sisi wote tukamwita hivyo hivyo.

Siku niliyoajiriwa ilikuwa hivi. Nilikwenda kununua mayai. Nikasema, "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Unatoka wapi?"

"Dirma."

"Watu wa ng'ombe. Unajua kujenga boma?"

"Najua."

Yalikuwa maneno mengi kwangu kwa siku moja. Mama yangu alipopona na kurudi nyumbani, mimi nilibaki. Kaka zangu waliposikia, walituma salamu kwamba wamesikia nimekwenda kuchunga ndege. Kwetu wakati ule kuku hakuwa mfugo. Alikuwa kitu kinachopita uani.

Nilijenga boma kama nilivyojua. Nilikata matawi ya migunga siku mbili, nikayapanga duara, miiba nje, mpaka yakafika kifuani. Nilijivuna kimoyomoyo. Mama Safari alizunguka na kikombe chake cha chai, mara moja, mara ya pili.

"Ni imara," akasema. "Fisi hapiti hapa."

"Hata chui, Mama."

"Hata chui. Na nguchiro?"

Nikatazama miiba yangu.

"Umemjengea fisi, mwanangu. Fisi hana habari na kuku wangu. Anayewala anapita mahali ngumi yako inapopita." Akainama, akaingiza ngumi yake chini ya miiba yangu, ikatokea upande wa pili ikinipungia. Hakucheka mpaka alipofika jikoni. Ndipo nikamsikia.

Basi nikafundishwa kazi upya, kuanzia chini. Yohana, haya yashike. Kabla ya nguzo yoyote, tulifunga vitambaa vya kiroba kwenye vijiti pande zote tukaviangalia siku tatu, kuona upepo wa kipupwe unatoka wapi. Unatoka upande wa mashariki, lakini pale kwenye kona ya mwamba unageuka, na huwezi kuujua kwa kusimama tu. Upande wa upepo tuliweka mabanzi, yale maganda ya magogo kutoka kwa wapasua mbao, mpaka usawa wa kiuno. Pande nyingine ni waya mtupu. Miguu ya nguzo tuliichoma moto mpaka ikawa myeusi, tukaipaka oili chafu ya magari, maana mchwa wa mlimani hawana dini. Chini ya waya tulichimba mtaro wa kina cha mkono mpaka kiwiko, waya tukaukunja kuelekea nje kama mguu wa soksi, tukaufukia kwa mawe. Nguchiro anachimba pale anapokutana na waya. Hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili. Mama Safari alisema wako watu wa namna hiyo pia.

Koleo la waya mnalotumia, lenye mpini mmoja uliofungwa kamba ya ngozi, nililifunga mimi mwaka ule. Msilibadilishe. Jipya lilinunuliwa mara mbili na mara mbili likakata waya kama linatafuna mkate mgumu.

Kipupwe cha kwanza nilifanya kosa la pili. Baridi ilipoanza niliona huruma. Kwetu wakati wa baridi ndama wanalala ndani na watu, na ukuta hauachwi na tundu. Mama Safari alikwenda msibani siku nne. Nikachukua samadi ya ng'ombe na udongo nikaziba banda lote, toka chini mpaka kwenye bati, nikaacha kilango tu. Nilifanya kazi nzuri, laini kama ukuta wa nyumba. Aliporudi asubuhi ya siku ya tano, akafungua, akaingiza kichwa, akakitoa haraka. Machozi yalimlengalenga. Ndani kulikuwa na harufu ya kuchoma pua, na bati lilikuwa linadondosha maji. Kuku watatu walikuwa wanakohoa.

"Shika hapa," akasema. Akachukua mkono wangu akauingiza chini ya ubawa wa Bibi, kwenye manyoya ya ndani. Palikuwa na joto kama uji.

"Ana koti?"

"Analo."

"Basi baridi haimwui. Kinachomwua ni unyevu wa pumzi yake mwenyewe, na upepo ukimpiga akiwa amelowa. Zuia upepo chini anapolala. Acha hewa itoke juu."

Tulikata uwazi wa vidole vinne chini ya bati, pande mbili. Samadi ya chini aliiacha. Alisema huko imezuia upepo kuliko mabanzi yake, na kwamba tangu siku ile mabanda yote yatapakwa samadi ya Dirma mpaka magotini. Alipenda kusema hivyo mbele ya wageni. Nilikuwa naangalia miguu yangu, lakini nilisikia.

Mengine ya baridi niyaandike kwa kifupi. Fito za kulalia ziwe bapa upande wa juu, upana wa vidole vitatu, ili kuku akalie vidole vyake vyote na kuvifunika kwa tumbo. Sakafuni mwageni mabua makavu ya ngano kutoka Basotu, mazito, na kila siku yageuzeni kwa uma mkiongeza jivu kidogo. Siku za ukungu hawana jua la kuoga vumbi, kwa hiyo wekeni mchanga na jivu chini ya paa. Mahindi wapeni jioni, yanawapa joto wakilala. Maji ya asubuhi yawe ya uvuguvugu. Na ning'inizeni kabichi kwa kamba, warukie. Kuku aliyefungiwa na ukungu bila kazi anaanza kuangalia mkia wa jirani.

Sasa nije kwenye hesabu.

Kila jioni, kuku wakiingia bandani, Mama Safari alisimama kwenye kilango na kuwahesabu mmoja mmoja. Mwezi wangu wa kwanza aliniambia siku moja nihesabu mimi. Kuku wakapita. Akauliza, "Wangapi?"

Nikasema, "Wapo."

"Nimeuliza wangapi."

"Wapo wote, Mama."

Aliona nimeudhika, nami niliona amenishangaa. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa vidole. Ukiihesabu unaita upungufu. Jioni baba anasimama langoni, ng'ombe wanapita, na kama hajasema kitu ujue wapo. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao, kwa mwendo. Asiyekuwepo anaacha nafasi, na baba anaiona hiyo nafasi. Mimi nilikuwa nawaona kuku hivyo hivyo, sikujua namna nyingine. Lakini sikuweza kulieleza hilo, na Mama Safari akaamua kwamba shule yangu ya Dirma haikufika kwenye hesabu. Hakunisimanga. Alihesabu mwenyewe tu kuanzia siku ile. Rebeka alipokuja mwaka wa tatu kuishi na Mama Safari, shangazi yake, akaniita Mzee wa Wapo, na jina likakaa.

Ilikuwa kipupwe cha mwaka huo huo wa tatu. Tulikuwa na viwanja viwili, kama sasa. Uwanja wa juu ulikuwa na kuku wakubwa hamsini na wanne, Bibi akiwa mmoja wao. Uwanja wa chini ulikuwa na mitetea, yaani majike wachanga ambao bado hawajaanza kutaga, na hao walikuwa hawajapata chanjo ya kideri. Bwana mifugo alikuwa amechelewa kwa sababu ya barabara. Hata wakubwa, chanjo yao ilikuwa imekaribia kwisha nguvu.

Jioni moja ukungu ulirudi mapema. Kuku waliingia haraka, wakisukumana. Mama Safari akahesabu, akasema, "Hamsini na wanne," akashusha kilango. Rebeka akaandika kwenye daftari.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na nimeona nafasi. Kulikuwa na jike mwekundu tuliyemwita Unyoya, kwa sababu ya unyoya mmoja mweupe kwenye ubawa wa kushoto. Hakuwa amepita. Na alikuwa amepita mwekundu mwingine, wa kimo kile kile, ambaye miguu yake ilikuwa ya njano sana na alitembea kama mtu aliyeshuka kwenye basi asijue pa kwenda. Huyo hakuwa wetu. Mmoja alikuwa ametoka, mmoja ameingia, na hesabu ilitimia.

Nilifungua mdomo. Halafu nikafikiri: mtu mzima amehesabu, imeandikwa, na mimi ndiye yule ambaye hesabu hajui. Nikimwambia hesabu yake si kitu, nimemwambia nini? Kwetu kijana hamsahihishi mkubwa mbele ya mwenzake mdogo. Nikasema nitaangalia asubuhi kwa uhakika. Nikafunga mdomo.

Yohana, kosa langu kubwa la miaka saba ni hilo. Lile boma la miiba lilikuwa mchezo tu.

Asubuhi niliingia bandani kabla hawajafunguliwa. Fito zetu ni za ngazi, na kuku mgeni hapandi juu. Wenyeji wanamdonoa mpaka anashuka kwenye fito ya chini kabisa, kwa wazee na wanyonge. Yule mwekundu alikuwa amekaa huko, manyoya yamemsimama, shingo imezama, na chini yake kinyesi cha kijani. Kulia kwake, ubawa kwa ubawa, alikuwa Bibi.

Nilikwenda jikoni. Mama Safari alikuwa anachochea moto, Rebeka anasonga ugali wa mbwa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona umekuja mikono mitupu? Maji ya kuku yako hapo."

"Mama, kuna mgeni."

"Mwambie akae, chai inachemka."

"Ni kuku."

Rebeka akaanza kucheka. Mama Safari hakucheka. "Hesabu ya jana ilitimia," akasema.

"Ilitimia, Mama. Lakini mwekundu mmoja si wetu. Na Unyoya hayupo."

"Kwa hiyo shangazi hajui kuhesabu?" Rebeka akasema. "Leo Mzee wa Wapo amekuwa mwalimu."

"Nyamaza wewe," Mama Safari akasema. Akaniangalia muda mrefu. Nilitamani kuwa ndani ya mtaro chini ya mawe. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema asubuhi hiyo. Nikasema, "Jana. Walipokuwa wanaingia."

Alijifunga kanga yake vizuri, akatangulia. Alimtazama yule mwekundu kutoka kilangoni, kisha akatazama wekundu wengine. Walikuwa tisa. Naona alikuwa anajaribu na hakuwa na uhakika. Akanigeukia akasema, "Nitakuonyesha kwa kidole. Wewe sema."

Akaonyesha, nami nikasema. Huyu ni binti wa yule aliyeumwa na mbwa. Huyu anataga pembeni ya pipa, ana ukucha uliovunjika. Huyu ni dada yake, wametoka kwenye mayai ya wakati wa mfungo. Huyu hulala fito ya pili na huamka wa kwanza. Huyu mama yake ni mweusi, baba yake ni yule jogoo aliyeliwa siku ya ubatizo. Rebeka alikuwa ameacha kucheka. Wekundu wakaisha, tukaendelea na wengine; nilifika kwenye kuku ishirini na kitu, Mama akashusha kidole.

"Inatosha," akasema, kwa sauti ndogo. "Miaka mitatu umekuwa unajua yote haya na mimi nimekuwa nasema tisa, kumi, kumi na moja."

Kisha akaniuliza swali ambalo mtu mwingine asingeliuliza. Hakuuliza ni nani wa kulaumiwa. Aliuliza, "Nani alilala naye?"

Nikawataja. Walikuwa saba kwenye fito ile, Bibi wa kwanza.

Tuligawana kazi pale pale. Yule mgeni Mama alimchinja mwenyewe, tukamchoma moto na kumfukia. Rebeka alipewa uwanja wa chini peke yake, akakatazwa kukanyaga wa juu, hata kuokota kijiti. Mimi wa juu peke yangu, na jivu langoni la kukanyaga. Mama alimpigia simu bwana mifugo, akaambiwa wenye dalili wasichanjwe, lakini mitetea wasiogusana na hao wachanjwe mapema, naye angekuja na pikipiki mchana.

Wale saba walihitaji mahali pao, mbali, chini ya upepo, kabla ya jioni. Nilijenga uwanja siku ile moja, ndani ya ukungu, peke yangu, na nadhani ndio uwanja mzuri kuliko yote niliyojenga, ingawa uliishi wiki mbili tu. Nguzo nne, mabanzi ya kuazima kwenye uzio wa bustani, samadi mpaka magotini, uwazi wa vidole vinne juu. Vidole vyangu havikuwa vinasikia misumari. Nikitafuta mawe ya kufukia waya, nilikwenda kwenye ule mtaro wa uwanja wa juu, na hapo nikaona jambo la pili la kunitia aibu. Wiki mbili kabla, nilikuwa nimeinua mawe na waya nipitishe toroli la mabua. Niliyarudisha vibaya. Palikuwa na tundu la ngumi mbili. Unyoya alitokea hapo, na mgeni akaingilia hapo.

Nilikwenda kumwambia Mama Safari kabla sijaliziba. Sikutaka kulala na jambo la pili.

Alisikiliza. Akasema, "Tundu nalisamehe. Mimi pia nimewahi kuacha matundu. Lakini sikia, mwanangu. Ukininyamazia tena nitakurudisha Dirma kwa basi la asubuhi. Si kwa kukosea. Kwa kunyamaza."

"Ndiyo, Mama."

"Sema kwa sauti."

"Ndiyo, Mama."

Baadaye tulijua kwamba jirani wa upande wa bonde alikuwa amepoteza kuku kadhaa, na yule mwekundu alikuwa ndiye aliyekimbia. Jirani hakuwa na kosa. Hata yeye alihesabu, akaona mmoja amepungua, akadhani amekufa kichakani.

Kati ya saba walikufa wanne. Bibi alikuwa wa pili. Alikufa siku ya nne saa sita mchana, jua limetoka kidogo, akiwa amekaa kwenye mchanga niliomwekea. Mama Safari alikuja akasimama nje ya waya. Hakuingia, kwa sababu ya ugonjwa. Alisema tu, "Alikuwa mzee," akarudi nyumbani. Lakini mimi nilijua, na yeye alijua, kwamba kama ningesema jioni ile, yule mgeni angetolewa kabla ya kupanda fito, na Bibi asingelala naye ubawa kwa ubawa. Hakuwahi kunitajia. Miaka minne iliyofuata hakunitajia hata mara moja, na kati ya mambo yote aliyonifundisha hilo ndilo gumu kuliko yote kuiga.

Wengine wote walibaki. Mitetea wote walibaki, na Rebeka alistahili sifa ambazo hakupewa, kwa hiyo nampa sasa.

Na Unyoya nilimpata siku ya tatu, ndani ya lundo la mabua ya ngano nyuma ya ghala, ameatamia mayai kumi na moja, mkali kama nyoka. Alitotoa sita. Nilitamani kusema mmoja alikuwa na kishungi kama Bibi. Hakuna aliyekuwa nacho. Lakini ni ukoo wake, na kuku mnaowalisha leo wengi wametoka hapo.

Tangu kipupwe kile utaratibu ulibadilika. Jioni Mama alihesabu, akasema idadi, kisha akanigeukia na kungoja. Asingeshusha kilango mpaka niseme. Mimi ambaye nilikuwa napita nyuma ya nyumba ili nisisalimiane na wageni, ilinibidi kila jioni niseme neno moja kwa sauti mbele ya watu. Wapo. Au: Hayupo fulani. Rebeka hakuacha jina lile, ila aliacha kulicheka. Siku moja nilimsikia anamwelezea mnunuzi wa mayai: "Shangazi anahesabu, huyu anatazama. Mmoja bila mwenzake ni nusu mtu."

Mwaka huu, wiki ya mwisho, nilifanya jambo ambalo Mama Safari alilijua na ninyi wawili hamkulijua mpaka mwisho. Hakukuwa na ugonjwa popote, nisingethubutu vinginevyo. Mchana nilimchukua jike mmoja wa kijivu kutoka uwanja wa chini nikampeleka juu, na wa kijivu wa juu nikampeleka chini. Jioni kuku wakaingia. Mama akahesabu, akasema, "Sabini na mmoja." Yohana ukaandika. Kisha Mama hakunigeukia mimi. Alimgeukia Rebeka.

Rebeka aliinama akachungulia bandani, fito kwa fito. Halafu akasema, taratibu, kama anayeogopa kukosea, "Shangazi, hesabu imetimia. Lakini yule wa kijivu wa mwisho ni wa chini. Wa kijivu wa hapa juu, binti yake Unyoya, ndiye hayupo."

Mama Safari aliniangalia juu ya kichwa cha Rebeka. Alishusha kilango.

Nikaona naweza kuondoka.

Sasa niko Dirma na ng'ombe wa baba. Vumbi lao ni la nje na kifua changu kinalivumilia. Miguu ya nguzo za boma letu nimeichoma na kuipaka oili, na kaka zangu wanauliza nimejifunza wapi. Nawaambia kwa ndege.

Naomba mniandikie. Simu inakata maneno na mimi kwenye simu nasahau kusema, kwa hiyo tumieni karatasi, mumpe konda wa basi la Katesh, itanifikia siku ya mnada. Andikeni hata kwa penseli, hata vibaya kuliko mimi kama inawezekana. Niambieni upepo wa mwaka huu umegeukia wapi pale kwenye mwamba, na kama Mama bado anakataa kuvaa soksi. Idadi ya kuku msiniandikie, hiyo daftari inaijua. Ninyi niandikieni nani yupo, na nani hayupo.